Wasaidizi Sita wa Telesfori

Telesfori alipomsikia Mama Yustina, mfanyabiashara wa dagaa pale Majengo, akilalamika kwamba meseji za wateja zinamtoa roho, alijua Mungu hajamsahau. Bwana huyu alilikimbia jembe la baba yake kule Kasekese, akaapa hatalishika tena maishani, na tangu hapo aliishi kwa mdomo.

"Mama, simu yako ina akili mnemba," alisema. "Unaiagiza, nayo inatuma wasaidizi wake kimyakimya. Mmoja anajibu wateja, mwingine anapeleleza bei. Ila wanataka msimamizi."

"Na wanakula?"

Hilo Telesfori hakuwa amelifikiria, lakini riziki iliyojileta yenyewe haikataliwi. "Wanakula sana," alisema kwa masikitiko. "Kupitia kwa msimamizi."

Basi akala. Alikula samaki aina ya migebuka kutoka Ikola, wali, na kuku kila Jumapili. Mama Yustina naye tamaa ilimshika. Kila akiona faida aliomba msaidizi mwingine, na kila msaidizi alikuja na sahani yake. Walipofika sita, Telesfori alikuwa na kitambi cha diwani. Ukweli ni kwamba aliyekuwa kazini ni mmoja tu, yule wa kujibu wateja.

Kilichomponza ni uvivu na bando la bure. Alimtuma msaidizi wa pili kwa shughuli zake binafsi, kwenye simu ileile ya mama, kisha akajilaza bila kumfuatilia. Msaidizi akamaliza, akaripoti kwa adabu kwa mwenye simu: "Nimepata mama mwingine Sumbawanga, ana duka na ni mwepesi wa kuamini. Nimweleze kwamba wasaidizi wanakula?"

Mama Yustina alisoma mara mbili. Akaandika: "Nionyeshe wote wanaofanya kazi." Wakatokea wawili. Akamsimamisha huyo wa Sumbawanga, wa wateja akamwacha aendelee, kisha akampelekea Telesfori chai.

"Mwanangu, kwetu ukiita watu kulima unawapikia. Na aliyekula?"

"Analima, mama," alijibu Telesfori, chapati mdomoni.

"Wewe umekula vya watu sita. Shamba langu linapakana na la baba yako, na nimeshampigia. Unaenda, au niwasomee wanawake wa sokoni hii ripoti?"

Telesfori aliisoma, akairudisha chapati kwenye sahani. Akaenda.

Alipomaliza kipande cha kwanza viganja vilikuwa vimechubuka na machozi yalimlengalenga. Baba yake, Mzee Alois, alikuwa amekaa kivulini akimsimamia.

"Hicho ni cha msaidizi wa kwanza," alisema mzee kwa upole. "Tunawasubiri watano."