Nirudishieni Namba ya Mjukuu Wangu

Kwako Mwalimu Mkuu,

Natumaini hujambo, na kama hujambo mshukuru Mungu sasa hivi, maana ukifika mwisho wa barua hii huenda mambo yakawa mengine. Mimi ni bibi yake yule msichana wa darasa la tano mwenye pengo, anayeuliza maswali mpaka walimu wanatafuta chaki waliyoishika mkononi. Ndiye mimi ninayewashonea sare. Shule niliishia darasa la pili, lakini akili sikuiacha huko.

Mwaka huu mmefuta mitihani, mmeleta jalada la karatasi, kila mtoto na lake. Eti kila mtoto apimwe kwa hatua zake mwenyewe, asilinganishwe na mwenzake. Nimevumilia muhula mzima. Sasa sikiliza.

1. Mjukuu wangu alikuwa wa thelathini na tisa kati ya arobaini na mmoja. Ilikuwa namba yake. Niliibandika ukutani juu ya cherehani, na mteja akiuliza namwambia kuna wawili nyuma yake, mmoja mtoto wa mwanakamati wenu. Leo naletewa karatasi imeandikwa, "Sasa anaweza kueleza kwa nini jibu lake si sahihi." Hiyo nayo ni ya kubandika? Mtu kaja kupunguza suruali, nimwambie mjukuu wangu anakosea kwa ufasaha?

2. Jirani yangu, mke wa fundi saa, ana mjukuu tunayemwita Profesa. Miaka mitatu kijana huyo alikuwa wa kwanza, na miaka mitatu bibi yake alipita mlangoni kwangu kama aliyebeba yai kichwani. Nilikuwa nangoja siku Profesa aanguke. Nimeomba, nimefunga. Sasa mmeondoa ngazi, ataanguka kutoka wapi? Juzi mama huyo kaja kuazima pasi, ananiambia, "Mwenzangu, siku hizi wetu wote wanaendelea vizuri." Wetu! Tangu lini mimi na yeye tuna wetu?

3. Nilimfuata mwalimu wa hesabu, yule kijana mwenye ndevu tatu. Nikamwuliza, "Mwanangu, huyu ni wa ngapi?" Akanijibu, "Bibi, tunamlinganisha na alivyokuwa mwezi wa pili." Mwezi wa pili alikuwa na surua! Hata mimi ukinilinganisha na siku niliyolazwa, ni mkimbiaji.

4. Kwa kuwa mmekataa kutahini, mwezi jana nilitahini mwenyewe. Niliwakalisha watoto saba wa uani sakafuni chumba cha kushonea, maswali kumi, futi ya mbao nimeishika mimi. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kusahihisha, ndipo nikagundua majibu sina. Ikabidi nimpe mjukuu wangu kalamu nyekundu, ayatafute kwenye kitabu chake cha hesabu. Mwalimu, kalamu anayo mwenyewe, hakuna anayemchungulia, akajiweka wa sita! Nikamwambia, "We mtoto, kalamu si unayo wewe?" Akasema, "Bibi, la saba sijalielewa bado." Bado! Neno hilo kalitoa kwenu. Zamani angesema hajui, tukamkaripia, yakaisha.

Profesa alipata yote kumi. Mjukuu wangu akamwuliza la nne kalipataje, kijana akakiri alikuwa amekariri tu. Wakainama wote wawili wakalichora upya kwa chaki yangu ya nguo, juu ya kitambaa cha mteja. Chaki nzima!

5. Ugonjwa umefika jikoni. Nimeunguza chakula, mtoto kachungulia sufuria, kasema, "Bibi, wiki iliyopita uliunguza zaidi." Mpaka leo sijui nimesifiwa au nimetukanwa.

6. Kwa hiyo mitihani irudi. Namba irudi. Na haki iwe haki: walimu nao wapangwe, wa kwanza hadi wa mwisho, karatasi ibandikwe getini. Wewe usiogope, nasikia mnaogombea mkia ni wawili tu. Bila hivyo, Ijumaa nakuja kuchukua fomu ya uhamisho. Shule ya ng'ambo ya barabara wana mtihani kila wiki, na watoto wao wana adabu: hawaulizi kitu.

Nisalimie mkeo, mlinzi, mpika chai na walimu wote. Yule wa ndevu tatu mwambie suruali yake iko tayari.

Ni mimi, niliyekasirika kwa heshima zote,
Bibi wa Sare.

Nyongeza: Fomu usiiandae. Tangu mtihani ule mjukuu wangu ananifundisha kugawanya, na jana kitambaa kilichokuwa kinanitosha sare tano nimekikata sita, hesabu nimepiga mwenyewe. Kanifungulia jalada, kaweka karatasi zangu zote, hata zile za aibu. Nimebakiza mambo ya baki, sasa nikimhamisha nani atanimalizia? Nilimwuliza mimi ni wa ngapi. Akasema, "Bibi, humo ndani uko peke yako." Basi mimi ni wa kwanza. Hilo unaweza kumtangazia mke wa fundi saa.