Jamu ya Zabibu Kabla ya Alhamisi

Jumapili, 1 Februari

Tumefungwa tena. Hapa hapa Pittsburgh, mbele ya watu wetu! Nyota watatu uwanjani, mpira mmoja wa kikapu. Cordell Vance anautaka. Matas Gedvilas, yule Mlithuania mrefu, anautaka. Mimi nautaka zaidi, maana nina miaka tisa hapa, na wao wamekuja Oktoba. Sasa picha zao ziko mlango mkuu. Yangu, Terrance Oglesby, imehamishiwa karibu na choo.

Magazeti yanasema mmoja wetu lazima aondoke. Dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Nina miaka thelathini na minne na goti linalolalamika kwenye ngazi. Binti yetu Shanelle yuko darasa la nne, na ndiyo kwanza amepata rafiki. Mwaka jana mwenzetu mmoja aligundua amehamishwa akiwa kwa kinyozi, kwenye simu ya kinyozi!

Nimemwambia mke wangu Renita kwamba siogopi. Ameniuliza mbona basi nimepiga mswaki mara nne.

Jumatatu, 2 Februari

Nimepata dawa. Cordell na Matas wakigombana, mmoja wao ataondoka. Mimi nitabaki. Rahisi.

Kabla ya kila mechi tunakula mkate wa siagi ya karanga na jamu. Wanaume wazima, tumepanga foleni kama watoto wa chekechea, na hakuna anayecheka. Cordell bila jamu ya zabibu hachezi. Anaamini mkono wake hautaona kikapu. Leo baada ya mazoezi nimebeba chupa zote tano za zabibu na kuzificha kwenye kabati la Matas. Njiani zikagongana. Hakuna aliyesikia. Nadhani.

Jumanne, 3 Februari

Balaa.

Cordell amepindua chumba kizima akitafuta jamu yake. Akauliza kila mtu. Aliponifikia mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala. Ndipo Matas akafungua kabati, na chupa zikabingirika mpaka miguuni pa Cordell. Nikauma taulo, nikingoja ngumi.

Matas akaziokota moja moja. Akasema hajui nani kaziweka mle, ila afadhali, maana zikikaa mezani wengine wanazimaliza. Cordell akamtazama. "Yaani ulinifichia mimi, kaka?" Matas akainua mabega. Wakakumbatiana! Wakakaa pamoja wakala, mara ya kwanza tangu Oktoba. Matas amejaribu zabibu. Ameipenda.

Kisha mechi. Meneja wa timu alikaa mstari wa mbele, simu sikioni, macho kwangu. Niliwaza, nikikosa kikapu mbele ya huyu, kwaheri Shanelle na rafiki yake. Basi kila mpira ulioletwa kwangu niliutupa haraka kama kaa la moto. Kwa Matas. Kwa Cordell. Kwa yeyote asiye mimi. Pasi zangu kumi na saba zimezaa vikapu. Tumeshinda kwa pointi thelathini na moja, na mimi nimerusha kikapuni mara mbili tu. Mara mbili! Nimejichimbia kaburi mwenyewe.

Jumatano, 4 Februari

Kocha Hruska amenitabasamia mazoezini. Miaka tisa hajawahi. Ni tabasamu la kumtolea mbwa anayepelekwa kwa daktari akachomwe sindano ya mwisho. Cordell akaniita mzee na kunipigapiga mgongoni. Wanajua. Wote wanajua!

Nimerudi nyumbani nikakuta Renita anapanga masanduku. Nikamuuliza tunahamia wapi. Kumbe anatafuta glavu za Shanelle, theluji imezidi.

Alhamisi, 5 Februari

Asubuhi nimeweka simu kwenye friji, nyuma ya maziwa. Isiyosikika haihamishi mtu. Saa nane na dakika hamsini friji ikaanza kuita. Renita akafungua, akaitazama, akanikabidhi. Kocha. Simu baridi, sikio baridi, mwili mzima baridi.

"Terrance, mpaka Jumatatu ulikuwa umeshaondoka," akasema. "Karatasi zilikuwa mezani. Juzi ukawaachia wale wawili mpira, nikaona timu kwa mara ya kwanza. Wewe ndiye unayewaunganisha, mzee. Baki hivyo hivyo. Usibadilishe kitu."

Nimekaa sakafuni, maziwa mkononi, nikalia kidogo. Shanelle akauliza kama tunahama. Nikamwambia hapana. Akasema sawa, akaenda kumpigia rafiki yake. Sijawahi kufurahi hivi tangu azaliwe.

Ijumaa, 6 Februari

Nimetafakari kwa utulivu. Nini kimeniokoa? Jibu liko wazi: jamu. Jamu imewapatanisha wale wawili, mapatano yameleta ushindi, ushindi umeniacha Pittsburgh. Akili yangu, kwa ufupi. Nimenunua chupa sita zaidi za zabibu.

Ila hofu haijaisha. Dirisha jingine litafunguliwa kiangazi, na nani atamkumbuka mtu aliyerusha mara mbili? Kocha amesema nisibadilishe kitu. Sawa. Nitabadilisha kimoja tu. Leo kwenye mechi nitarusha mara ishirini na tano, nikianza na mpira wa kwanza kabisa. Matas na Cordell hawatachukia. Sasa ni marafiki, watapiga soga huku wakinitazama.