Kilo Tatu za Leseni

Tangazo lilibandikwa Jumatatu saa mbili asubuhi, likiwa na mihuri miwili na sahihi tatu, zote za mtu mmoja. Lilisema kwamba, kwa mara ya kwanza tangu binadamu aanze kuumwa, Chuo cha Utabibu Kisonga kimepata ufumbuzi wa tatizo la wanafunzi wa mwaka wa mwisho: namna ya kusoma masomo ya darasani na wakati huohuo kujiandaa na mtihani wa leseni. Kuanzia wiki hiyo, pande hizo mbili zingekuwa na uzito sawa. Na ili asitokee mtu wa kubisha, uzito huo ungepimwa.

Wanafunzi walidhani ni lugha ya ofisini tu. Ijumaa wakaikuta mizani mlangoni mwa bwalo, ile ya vitanga viwili, imeazimwa kutoka ghala la alizeti huko Misigiri. Maganda ya alizeti yalikuwa bado yamenasa kwenye minyororo.

Tusiwaonee viongozi. Tatizo lilikuwepo kweli. Pale Kisonga, aliyeshika sana ya darasani alianguka mtihani wa leseni, na aliyeshika sana ya leseni alirudia mwaka darasani. Waliojaribu kushika yote mawili walikonda. Uongozi ulikaa vikao vitano, ukanywa chai ya tangawizi, ukaona wazi kwamba kinachokosekana ni mratibu.

Mratibu wa Uwiano aliyeteuliwa aliitwa Chediel. Watu walimwita Daktari, naye hakuwahi kuwakataza. Alisomea utabibu zamani, lakini ilikuwa imepita miaka kumi na miwili tangu amguse mgonjwa, na hata huyo wa mwisho alimpa mkono tu kwenye mahafali. Miaka yote hiyo alikuwa kwenye kamati. Iliyompa sifa zaidi ni kamati ya vipimo vya alizeti, alikopambana na lumbesa, yaani gunia lile linaloshonewa kichuguu juu ili likae kilo nyingi kwa bei ya gunia moja. Aliishinda lumbesa, au angalau ripoti ilisema hivyo. Tangu hapo aliamini hakuna jambo duniani lisilopimika kwa kilo.

Sasa huyu Winfrida alikuwa binti wa kutoka mbele ya Kinyangiri, mwaka wa mwisho, mwembamba, mwenye mwandiko mdogo kuliko yeye. Mtihani wa leseni ulikuwa wiki saba mbele. Kitongojini kwao watu walikuwa wamejenga zahanati kwa nguvu zao, wakaipaka rangi, wakamwandikia barua kwamba wanamsubiri yeye. Ila mtu hawezi kutibu bila leseni. Mama yake, Dorika, alimpigia simu kila Jumapili baada ya ibada.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Rangi imeanza kubabuka huku. Nyuki nao wameingia chumba cha sindano. Nyuki wamewahi, wewe bado."

"Mama, bado mtihani."

"Si ulifanya mwaka jana?"

"Ule ulikuwa wa darasani. Huu ni wa leseni."

"Sasa huko darasani walikuwa wanakufundisha nini?"

Jibu la swali hilo hata chuo hakikuwa nalo.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila Ijumaa mwanafunzi aliweka maandishi yake ya darasani kitanga cha kushoto na ya leseni kitanga cha kulia. Mwanafunzi wa zamu alikuwa karani wa mizani, Mratibu alikaa pembeni na muhuri. Vitanga vikilingana, unapewa Cheti cha Uwiano. Visipolingana, unakatazwa kugusa upande mzito mpaka ule mwepesi uufikie. Na bila Cheti cha Uwiano, chumba cha mtihani wa leseni utakionea dirishani.

Winfrida aliweka kaunta buku sita kushoto. Kilo tatu. Kulia akaweka kijidaftari cha kutosha mfuko wa koti jeupe. Kitanga hakikushtuka.

"Leseni iko wapi?" akauliza Daktari Chediel.

"Ndiyo hiyo, Daktari."

"Hii? Hii ni risiti, binti."

"Ni muhtasari. Mengine nimeshayashika, yako kichwani."

"Kichwani hatupimi." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Kichwa kina nywele, kina mifupa. Tutajuaje ipi ndiyo elimu?"

Akamwagiza karani aandike: leseni, gramu themanini, darasani, lumbesa. Kaunta buku sita zikafungiwa kabatini. Winfrida alitoka pale na kijidaftari chake tu. Mitihani ya darasani ilikuwa imebaki wiki tatu, na vitabu vyake vilikuwa kizuizini.

Wenzake walishaelewa mchezo. Gerald, aliyekaa naye meza moja, alikuwa ameacha kusoma, anaandika tu. Aliandika kwa maka peni, herufi za kusomwa kutoka barabarani; neno "pepopunda" lilimaliza ukurasa mzima.

"Na maji unanyunyiza," alimnong'oneza. "Karatasi mbichi ina uzito, dada'angu. Jana nimelowanisha magonjwa ya watoto, yameongezeka robo kilo."

"Na unayajua?"

"Nani, mimi? Muda wa kuyajua nautoa wapi?"

Bwalo zima likawa linaandika. Daktari Chediel alipita mikono nyuma, akasikia kalamu zinavyokwaruza, akaona nchi imepata waganga.

Winfrida naye akajaribu. Aliandika "kifaduro" kwa herufi za mabango, akaitazama ile karatasi, akataka kulia. Ugonjwa huo alikuwa anaujua tangu mwaka wa pili. Sasa alikuwa anauchora. Akamkumbuka mama yake na wale nyuki, na hasira zikampanda, hasira za kweli. Akaenda kujilaza. Ndipo godoro lilipokwaruza.

Chini ya godoro alikuwa ametandika nyaraka. Tangu ateuliwe, Mratibu alitoa waraka mnene kila siku, siku nyingine nyaraka mbili, na kila mwanafunzi alipewa nakala yake kwa kusaini. Waraka wa kalamu zinazokubalika. Waraka wa kufafanua waraka wa kalamu. Winfrida alizitandika kuziba shimo la godoro. Juu ya kila mmoja, kwa herufi nene, kulikuwa na kichwa kilekile: KUHUSU MAANDALIZI YA MTIHANI WA LESENI.

Akaketi. Akaanza kuzipanga.

Ijumaa iliyofuata kaunta buku zake zilitolewa kabatini zikawekwa kushoto. Kulia akaweka bunda. Mizani ikayumba, ikafikiri, ikatulia. Kilo tatu kwa kilo tatu.

"Hivi ni nini?"

"Nyaraka zako, Daktari. Zote zinahusu leseni. Imeandikwa juu."

Daktari Chediel akafungua mmoja, akafungua wa pili. Katika utumishi wake wote alikuwa hajawahi kumwona mtu akimrudia na waraka. Machozi yakamlengalenga.

"Umezisoma?"

"Nimezipima, Daktari."

"Safi sana," akasema, akagonga muhuri.

Habari haikuhitaji kutangazwa. Wiki iliyofuata kila mtu alikuja na bunda lake, uwiano ukafika asilimia mia, na wanafunzi, wakiwa wametimiza wajibu wao kwa serikali ya chuo, wakarudi mezani kusoma. Winfrida alisoma ya darasani asubuhi na ya leseni jioni, akafanya mitihani ya darasani, akapita. Ulibaki ule wa leseni.

Aliyeharibu furaha ni Mwalimu Amosi, mkufunzi wa magonjwa ya watoto. Kikaoni, Mratibu alipokuwa akisoma takwimu, Amosi alicheka kwa sauti.

"Mzee mwenzangu, unachopima pale ni karatasi zako mwenyewe."

Mtu wa ofisi hajibu, anaandika. Daktari Chediel akaliandikia Baraza la Leseni ripoti ya kurasa arobaini, akipendekeza mizani iende nchi nzima. Mwishoni, akimlenga Amosi, akachomeka kifungu: kila anayesimamia watahiniwa na hana leseni hai, bila kujali cheo wala umri, naye apimwe uwiano na aufanye mtihani huohuo, akianguka, akajifunze upya kwa miezi sita chini ya tabibu mwenye leseni, mahali penye uhitaji. Mtu anayecheka kikaoni, aliwaza, lazima leseni yake imelala.

Baraza lilijibu baada ya siku tisa. Haraka hiyo peke yake iliwatia watu wasiwasi. Lilimshukuru Mratibu kwa uzalendo wake, likakipitisha kifungu chake, na kuagiza utekelezaji uanze na mbunifu wake.

Mwalimu Amosi alitoa leseni yake mfukoni. Ilikuwa imehuishwa mwezi uliotangulia. Ya Daktari Chediel ilikuwa ukutani ofisini, kwenye fremu nzuri. Walipoishusha kusoma tarehe, mjusi alitoka nyuma yake, na huyo mjusi alionekana kijana kuliko hiyo tarehe.

"Mwosha huoshwa," akasema mpishi wa bwalo, akaendelea kuchambua mchicha.

Siku ya mtihani Daktari Chediel alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya mizani, iliyohamishiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, na ajabu hakuwa na hofu. Alikuja mikono mitupu. Hesabu yake ilikuwa hivi: asiyepita mizani haingii, na asiyeingia haanguki. Zamu ya mizani ilikuwa ya Winfrida, ambaye cheti chake mwenyewe kilikuwa kimelowa jasho mkononi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Sina kitu, binti. Andika sikupimika, nirudi ofisini."

Winfrida akakitazama kitanga cha kushoto. Kitupu. Akakitazama cha kulia. Kitupu. Vilikuwa vimelingana kama mabega ya askari kwenye gwaride.

"Kushoto hakuna kitu, kulia hakuna kitu," akasema. "Haijazidi hata gramu. Tangu tuanze hajapatikana mwenye uwiano kama wako."

Akauchukua muhuri mezani, akampigia Cheti cha Uwiano na kumfungulia mlango kwa adabu.

Swali la kwanza liliuliza: mtoto wa miaka miwili ameletwa ana homa kali na anahema harakaharaka, eleza utakachofanya. Winfrida alijaza ukurasa mmoja na nusu kwa mwandiko wake wa sisimizi, yote kutoka pale pasipopimwa. Daktari Chediel alifikiri kwa saa nzima, akaandika: *Apimwe uzito.*

Alipewa alama moja, kwa kuwa ni kweli, dozi ya mtoto hufuata kilo zake. Ndiyo alama pekee aliyoipata.

Winfrida alifaulu. Alipompigia mama yake alilia tu, mpaka Dorika naye akaanza kulia akidhani ameanguka. Nyuki walihamishwa kwa moshi, wakaacha lita mbili za asali, zahanati ikafunguliwa. Baada ya mwezi bodaboda ikamshusha pale mzee mwenye begi na faili. Kifungu kilikuwa kimefuatwa neno kwa neno.

"Shikamoo, mzee wangu," alisema Winfrida.

"Marahaba..." Akashusha begi. "Daktari."

Ilikuwa siku ya kliniki. Akamkabidhi mizani ya watoto, ile ya kuning'iniza darini. Rukaiya, wa kwanza kwenye foleni, alikuwa ameshamvika mwanawe kile kikaptula cha kupimia na kumtundika. Lakini Chediel hakusoma mshale. Alifungua faili, akatoa waraka, akasimama mbele ya mtoto na kuwasomea kina mama utaratibu wa upimaji, kifungu cha kwanza mpaka cha nne.

"Baba, samahani," alisema Rukaiya, "we tuambie kilo tu. Mtoto anachoka."

"Bado cha tano, mama."

Mtoto hakungoja cha tano. Akajinyoosha pale juu, akaulowanisha waraka wote, kuanzia muhuri mpaka sahihi. Kina mama wakaziba midomo kwa khanga. Winfrida akausogelea, akaushika kwa ncha za vidole, akaupimapima mkononi.

"Huu umeongezeka robo kilo, mzee wangu," akasema. "Sasa tusomee uzito wa mtoto."