Saa Nne na Nusu Angani hadi Kathmandu

Jumatano, 18 Oktoba
Likizo imekubaliwa! Nafasi mbili: mimi na Dambar, mwenzangu wa chumbani. Mmoja aondoke Doha Jumatatu, mwingine Jumanne asubuhi. Jumatatu nimepewa mimi. Dambar kanuna. Safi.
Mama kapiga simu. Mnajimu wa mtaani kasema tika ya sikukuu ya Dasain, ile rangi ya baraka ya pajini, ipakwe Jumanne, saa sita mchana kasoro dakika tisa. Dasain nne paji langu limepakwa vumbi la saruji tu. Mama ana miaka themanini na moja. Mwaka huu lazima anipake kwa mkono wake.

Alhamisi, 19 Oktoba
Mpango! Dambar analala kitanda cha chini, penye kiyoyozi. Mimi juu, na joto. Nimemuuliza karani: Doha hadi Kathmandu ni kilomita elfu tatu na mia tatu na ushei, saa nne na nusu angani. Ndege ya Jumanne inaruka saa kumi na mbili asubuhi. Basi natua saa nne na nusu, na kwa Mama ni jirani na uwanja. Jumatatu ya nini? Nimempa Dambar, naye kanipa kitanda. Kaniita kaka mara tatu. Mjinga.

Jumatatu, 23 Oktoba
Kiyoyozi kinanidondoshea maji usoni. Dambar kaondoka. Mlangoni kauliza: kaka, saa za nyumbani umezijumlisha? Kule wako mbele saa mbili na dakika arobaini na tano.
Lo! Miaka minne nampigia Mama simu, na kila mara ananifokea kwamba nimemwamsha! Natua saa saba na robo. Tika itakuwa imekauka.
Nimemkimbilia msimamizi Selvam, nikasema jino linaniua, niondoke leo. Kasema ling'olewe kwanza. Likapona hapo hapo.

Jumanne, 24 Oktoba
Saa saba na robo kamili. Nimekimbia na sanduku kichwani. Mama kaketi barazani, sahani ya tika mapajani, hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nikaanza kuomba radhi. Kasema mnajimu ana saa yake, yeye ana mwanawe. Tena tika hupakwa mpaka mwezi upevuke, hata hilo nimesahau? Piga magoti upesi, we kitinda mimba, njaa inaniuma!
Kanipaka kwa mkono wake mwenyewe. Nilihisi nimetua mifuko kumi ya saruji. Nimelia, kisha nimekula mpaka basi.

Ijumaa, 27 Oktoba
Kesho narudi. Ndege inaruka saa nne asubuhi. Sasa sidanganyiki. Saa nne na nusu angani, jumlisha saa mbili na dakika arobaini na tano: natua Doha saa kumi na moja na robo jioni. Zamu inaanza saa nane mchana. Nimempigia Selvam simu kwamba siwahi, nikamwapia kwamba nikifika kabla ya zamu, anipe mbili mfululizo. Kakubali upesi mno. Nilimsikia akicheka.
Dambar kapiga simu, eti kurudi ni kutoa, si kujumlisha. Nimemcheka. Saa zikishapita zimepita, ndege itazirudisha vipi? Kitanda kinamuuma huyo.