Yah: Kukataa Kumrudisha Jogoo wa Bajeti

Elius Nyagawa,
Sanduku la posta naazima la fundi cherehani jirani,
Makambako.

Kwa Afisa Elimu Kata,
Kata ya Lihanzula,
Njombe.

Ndugu Afisa Elimu, Mwalimu wangu Mama Oktavia,

Kamwene mama. Kichwa cha habari hapo juu kinajieleza, na jogoo mwenyewe anajieleza zaidi, maana tangu alfajiri anawika juu ya gunia la viazi na wapangaji wenzangu wameanza kuninunia.

Nimepokea barua yako inayonitaka nimrudishe jogoo kabla wakaguzi hawajafika kutoka halmashauri. Mhuri wako nimeuheshimu. Lakini mimi pia nimesoma, mama, hadi Kidato cha Pili, ambapo mimi na shule tuliachana kwa makubaliano ya pande zote mbili. Kwa hiyo nakujibu kwa hoja zenye namba, kama ulivyonifundisha mwenyewe darasa la sita, fimbo mkononi.

Kwanza nieleze, asije mkaguzi akaisoma barua hii akadhani nimeiba. Fedha za kuendesha shule zetu nne huja kama mvua ya Oktoba: unaona wingu, unaanua nguo, hainyeshi. Ndipo wewe na kamati mkaazima desturi ya kanisani. Pale nje, baada ya ibada, kuku wa sadaka hunadiwa. Anayeshinda hulipa, husema "namrudisha," kina mama hupiga vigelegele, kuku hunadiwa tena. Basi mkatafuta jogoo mmoja mwekundu, mkamwandika kwenye bajeti kama mapato ya ndani, akawa ananadiwa kila mkutano wa wazazi. Ameuzwa mwaka mzima na hajawahi kulala kwa mnunuzi hata mmoja. Amenunua chaki, amenunua sukari ya uji, na sasa mmemwandikia paa la Darasa la Tatu.

Ndipo nikaja mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilimnunua. Mnadishaji alikuwa Mzee Ebeneza, baba yake Fidelia, na wewe unajua, kata nzima inajua, kwamba nilituma washenga kwake wakaambiwa wasubiri. Siku ile nilikuwa nimetoka kupakia viazi, mfuko umenenepa. Mzee akaniona nyuma ya mkutano, akapaza sauti: "Na yule kijana wa lumbesa, anapandisha au amekuja kuota jua? Asiyeweza jogoo ataweza binti?" Watu wakacheka hadi wengine wakashika magoti. Ungekuwa wewe, mama, ungefanyaje? Nikapandisha. Mzee Dionis wa mbao akapandisha. Nikampandia bei juu kama turubai juu ya lori, akakaa chini. Nikalipa taslimu, nikamfunga jogoo miguu, nikamning'iniza kwenye usukani wa pikipiki, nikawasha. Mlisimama wote mkinisubiri niseme "namrudisha." Mimi nikasema "kwaherini."

2. Nimechafuliwa jina. Jumapili iliyofuata, katikati ya tangazo la mazoezi ya kwaya na tangazo la ng'ombe aliyepotea, ilisomwa kwamba kuna kijana ameondoka na paa la Darasa la Tatu. Paa! Mimi nimebeba kuku, mama. Na mama yangu mzazi, Juliana, alikuwa benchi la mbele na kitenge kipya. Hajakivaa tena.

3. Jogoo mwenyewe mmemharibu. Hajui kufukua ardhi. Nikimmwagia mahindi ananitazama kama mgeni rasmi anayesubiri kutambulishwa. Akisikia mtu anasema "elfu," ananyoosha shingo. Juzi jirani yangu alikuwa anabishania bei ya mkaa pale mlangoni, jogoo akatoka ndani mbio, akasimama katikati yao, akageuka huku na huku aonekane vizuri. Huyo si kuku tena. Huyo ni mtumishi wa umma, na hajawahi kupewa likizo.

4. Bajeti haisimami kwa miguu miwili. Nyinyi wasomi mmeweka mayai yote kwenye kapu moja, tena kwa jogoo, asiyetaga. Je, kideri kingepita? Mngewaambia wazazi kwamba paa limeharisha likafa? Mimi ni mtu wa lumbesa, najua gunia linavyojazwa likavimba juu kama kilemba. Lakini hata lumbesa, mama, chini ina viazi. Bajeti yenu ina kilemba, halafu chini kuna manyoya.

5. Kwa kuwa jogoo ndiye fungu, na mimi ndiye niliye na jogoo, basi mshika fungu wa kata ni mimi. Hili sikulitaka, limenijia. Tayari Mwalimu Timoth alifika hapa Makambako kunisihi, akiwa amebeba boksi la chaki alilonunua kwa fedha yake. Nilimpokea vizuri, nikampa kigoda. Wakati tunajadili hali ya elimu, jogoo aliingia kwenye lile boksi akala chaki mbili na nusu. Nadhani ni mara ya kwanza katika historia ya kata yetu bajeti kutumika yote kwenye vifaa vya kufundishia. Wakaguzi waje huku huku. Ofisi iko nyuma ya mashine ya kusaga, waulize kwa Elius. Na posho ya mlinzi wa fungu ianze kuhesabiwa tangu siku ile ya mnada.

6. Hili ndilo linaloniuma. Mzee Ebeneza ametangaza kwamba posa yangu haitapokelewa mpaka jogoo arudi. Fidelia naye kaniletea ujumbe: "Elius, chagua, kuku au mimi." Sasa nakuuliza wewe uliyesoma hadi chuo. Mwanaume anayelipa mbele za watu, halafu anarudisha alichokilipia ili apigiwe vigelegele, huyo utampaje binti? Mwaka ukiisha si atasimama nje ya kanisa aseme "namrudisha"? Mimi nikichukua nimechukua. Mzee Ebeneza alipaswa kuniona naondoka na jogoo, akalia kwa furaha kwamba amepata mkwe. Kwa hiyo kumrudisha jogoo ni kumtukana Fidelia, na hilo sitalifanya hata mje na mihuri mitano.

Kwa hoja hizo, jogoo harudi. Kilichonunuliwa kimenunuliwa. Desturi ya kurudisha ifutwe katika kata, wilaya na ikiwezekana mkoa, kwa kuwa inadumaza ununuzi.

Nisalimie walimu wote, Mwalimu Timoth mwambie pole ya chaki, watoto wa Darasa la Tatu wasogee upande usiovuja, na umsalimie yule mlinzi wa shule aliyenisukumia pikipiki bila kujua anasukuma nini.

Wako katika ufugaji wa taifa,
Elius Nyagawa,
Kaimu Mshika Fungu.

N.B. Nilikuwa nimeshalamba bahasha, nimeifungua tena. Fidelia amepiga simu. Mzee Ebeneza amelainika. Anasema kijana mwenye shingo ngumu hivi ni heri awe ndani ya ukoo kuliko nje. Mahari imetajwa. Ilipotajwa, nilikaa kwenye kile kigoda cha Mwalimu Timoth. Mfuko wangu wote ulikwenda kwa jogoo.

Kwa hiyo Jumamosi, palepale uwanjani kwenu, kutakuwa na mnada wa kunichangia, na cha kunadi ni huyohuyo jogoo. Mzee mwenyewe atanadi, ila ameweka sharti kwamba mzunguko wa kwanza ni wa paa. Nimekubali, ningefanyaje. Njoo mama, na walimu wote, hata wakaguzi waje na posho zao. Ila ninawasihi sana tuheshimu desturi ya wazee wetu: atakayemnunua aseme "namrudisha." Atakayeondoka naye nitamtangaza kanisani, maana huyo ni mhujumu.

Mzee Dionis msimwambie. Ana kinyongo, na ana lori.