Kilio cha Mtu Tusiyemjua

Jamani, leo nimevuliwa nguo makaburini. (Si nguo zenyewe. Zingekuwa nguo zenyewe ningeziokota nikavaa.)

Wengi wenu mnajua kwamba mama mkwe wangu, Maman Nabintu, alitoka Bukavu kuja kututembelea hapa Brussels. Hii ni wiki ya tatu. Kesho anapanda ndege, na akifika tu, wajomba wa mke wangu watamkalisha chini wamuulize swali moja: yule tuliyempa mtoto wetu ni mtu, au ni koti linalotembea? Wiki tatu nzima amekuwa akinichunguza. Na wiki tatu nzima, chochote ninachofanya, jibu lake ni "Mm."

Adabu ya ukwe kwetu mnaijua. Simtazami usoni, wala yeye hanitazami. Sitafuni mbele yake. Nimekula wiki tatu nikiwa nimesimama jikoni, mlango nimeurudishia, kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Kitandani analala yeye na mke wangu na mtoto. Mimi nikitoka kusafisha maofisi kule Schuman, nalala koridoni kwenye zulia.

Basi leo, siku ya mwisho, nikajitutumua. Nikamtuma mke wangu Furaha amwambie mama yake kwamba nitawatembeza mjini familia nzima, na tutamalizia Atomium, ile mipira mikubwa ya chuma, apige picha ya kuwaonyesha kina mama wa kanisani. (Ukweli wenyewe: miaka tisa nipo hapa, na Atomium naijua kwenye kadi za posta tu. Lakini mkwe haungami.)

Asubuhi tukaenda Grand-Place, ule uwanja wa kale katikati ya mji. Ukungu mtupu! Majengo yameanza vizuri chini, juu hayapo. Tukaenda kwenye kile kisanamu cha mtoto anayekojoa. Maman akakitazama, akatazama watu waliotoka mbali kuja kukipiga picha.

"Mm."

Nikaona bora twende Atomium haraka. Leo ni sikukuu ya Watakatifu Wote, maofisi yamefungwa, na mimi miaka yote siku hii huwa nalala. Kwa hiyo sikujua kitu. Tulipanda tramu, ikawa imejaa, na hakuna aliyekuwa anaongea. Sisemi waliongea kidogo. Hakuna! Wazee watupu, makoti meusi, kila mmoja amepakata chungu cha maua, meupe au ya manjano. Ndani ya tramu mnanuka udongo mbichi. Nje ukungu umezifuta nyumba zote. Binti yetu Gloire, ana miaka saba, akanivuta koti kuniuliza kwa nini.

"Papa, pourquoi batu habasemi?"

"Wamechoka," nikamjibu. (Mgongo wangu wenyewe ulikuwa umeanza kusisimka.)

Tukafika kituo fulani, wakasimama wote kwa mara moja, kama walioitwa. Maman Nabintu naye akasimama.

"Batu bote na maua vile? Kule kuko fête," akamwambia Furaha. "Ambia mukwe tubafwate."

Hapo ndipo nilipojichimbia kaburi. Nilijua wazi hicho si kituo cha Atomium. Lakini mama mkwe hakosolewi, tena siku ya mwisho! Nikasema, "Maman amesema kweli."

Tukaifuata migongo. Migongo tu, kwa sababu vichwa vilikuwa vimemezwa na ukungu. Kokoto zinalia chini ya viatu. Tukapita lango la chuma. Sherehe gani? Hakuna muziki, hakuna harufu ya nyama choma. Kisha nikaanza kuona taa ndogo nyekundu zinawaka huku na huku, usawa wa magoti. Kisha nyuso. Nyuso ndogo za mviringo zimebandikwa kwenye mawe, zinatutazama.

"Papa, ni makaburi," Gloire akasema. Kumbe sikukuu hii ndiyo siku wenyeji wanapowapelekea wafu wao maua!

Nilitaka tugeuze. Lakini Maman alikuwa mbele, na mimi siwezi kumwita mama mkwe kwa nyuma kama naita teksi. Nikakohoa ili ageuke. Kila nilipokohoa, mtu mwingine ndani ya ukungu naye alikohoa. Nikaacha. Wale wazee wa kwenye tramu wakawa wanapungua mmoja mmoja, kila mtu anakwenda kwenye jiwe lake bila kuaga, mpaka tukabaki sisi wanne. Lango silioni tena. Niliogopa, sitaficha.

Ndipo tukasikia mtu analia.

Alikuwa bibi mmoja wa kizungu, mfupi, amesimama mbele ya kaburi anafuta machozi kwa kitambaa. Kando yake binti yake, mtu mzima, amechuchumaa na ndoo anasugua jiwe kwa brashi. Hamshiki mama yake, hamsemeshi. Anasugua tu.

Maman Nabintu akasimama.

"Eko analia yeye moya?" akamuuliza Furaha. "Hakuna hata muntu wa kumushika mukono? Bulaya gani hii!"

Akaweka mkoba chini. Akakaza kitenge juu ya koti. Akaweka mikono kichwani.

"Uwiiii! Papa weee! Umetuachia nani eee!"

Kunguru wakaruka. Furaha akadakia palepale, maana mtoto wa nyoka ni nyoka. Gloire akalia kwa woga. Na mimi je? Kwetu ukisimama na macho makavu kwenye kilio, jioni watu wanaanza kunong'ona kwamba wewe ndiye uliyemla marehemu. Na anayenichunguza yuko hatua mbili mbele yangu! Nikaanza kulia.

Nilianza kwa uongo. Halafu nikakumbuka lile zulia la koridoni. Nikakumbuka wali baridi wa wiki tatu, na miaka tisa ya kupiga deki sakafu za wenyewe. Machozi yakaja yenyewe, jamani. Nikapiga magoti, nikalikumbatia jiwe la watu, baridi na maji yake, na kunyamaza nikashindwa.

Nilipoinua kichwa, bibi alikuwa ameacha kulia. Brashi nayo ilikuwa imenyamaza.

"Monsieur," akaniambia kwa Kifaransa, polepole. "Ulimfahamu?"

Sasa mfiwa unambishia vipi? "Ndiyo, madame."

"Kule Bukavu?"

Hakuna aliyekuwa ametaja Bukavu! Kongo yote ilivyo kubwa, bibi ameutaja mji niliozaliwa.

"Ndiyo, madame. Bukavu." (Hapa angalau sikudanganya.)

Kumbe marehemu mumewe alifundisha shule huko miaka miwili, kando ya ziwa, kabla hawajaoana. Bibi akaniuliza mwaka wangu wa kuzaliwa. Nikamtajia. Akafumba macho, na vidole vyake vikawa vinahesabu juu ya kitambaa. Alipofumbua, akanyoosha mkono akanivua kofia ya sufu.

"Masikio," akasema.

Wote wakatazama picha iliyo kwenye jiwe. Kisha wakanitazama mimi. Nami nikaitazama ile picha. Mzee mwembamba, miwani, na masikio mawili yamesimama kama vishikio vya sufuria. La kushoto limepinda kwa juu.

Langu la kushoto limepinda kwa juu.

"Madame," nikasema, "mimi ni mweusi tii. Nitazame tafadhali."

"Nakutazama," akasema.

"Madame, sisi tulikuwa tunaenda Atomium!"

"Yeye pia aliipenda sana," akasema, akaanza kulia upya.

Binti yake akatoa simu akanipiga picha. Si uso. Sikio! (Kisha akaniomba nigeuke apige na la pili.)

Lakini aibu yenyewe ilikuwa bado. Maman Nabintu, ambaye hata siku ya harusi hakuwahi kunitazama usoni, akaja, akainama, akanitazama. Adabu yote ya ukwe ikafia palepale. Akalishika lile sikio kwa vidole viwili, kama mtu anayepima kitenge sokoni, akalikunja, akaliachia.

"Ni yake," akatangaza.

Watu wa makaburi ya jirani walikuwa wameshasogea na vyungu vyao, wamesimama mduara ndani ya ukungu. Mzee mmoja akavua kofia akanipa mkono wa pole. Mimi bado nimepiga magoti, kamasi mpaka kidevuni, mama mkwe amenisimamia, mke wangu ananitazama kama ameletewa mume mwingine. Bibi akanibusu mara tatu, akanikabidhi chungu cha maua ya manjano.

"Mwakani usichelewe," akasema.

Atomium hatukufika. Tulirudi na tramu, kimya kabisa, chungu kiko mapajani mwangu. Vijana wawili wakatutazama, wakahama viti.

Saa hizi nipo jikoni, nimesimama kama kawaida, namsikia Maman chumbani anaongea na wajomba kwa simu.

"Mukwe yenu ni muntu," anawaambia. "Ameona mufiwa, amepiga magoti, amelia kushinda siye bote. Hata hakumujua ule muntu! Mambo ya mutoto wetu iko sawa."

Nilitaka kupiga vigelegele. Wiki tatu, ndugu zangu! Kisha akashusha sauti.

"Lakini, bon. Muende kwa mama yake, mumuulize polepole. Kuko kitu."

Nimecheka. Halafu nimeacha kucheka. Ndugu zangu wanne masikio yao yamelala vizuri, na ya marehemu baba yalilala. Na Mama alipokuwa msichana alikuwa akipeleka mboga kwenye nyumba za walimu wa kizungu kule ziwani. Ametusimulia mara mia, na hakuna aliyewahi kumuuliza lolote.

Kwa hiyo tafadhali mtu asicheke. Isipokuwa wewe, Mama. Najua mdogo wangu Riziki anakusomea haya kwenye simu yake. Wewe cheka. Cheka kwa sauti, hata majirani wasikie. Ukinyamaza ndipo nitaogopa.