Kichwa cha Rui kwa Mkwe

Jumatatu, 9 Juni

Labanya wangu,

Jumamosi ni siku ya kuwalisha wakwe, ya kwanza bila wewe. Binti yetu Mithu anakuja na mumewe, na kichwa cha samaki rui, heshima ya mkwe, lazima kitoke bwawani kwetu, kama ulivyotaka siku zote. Tatizo: maji yetu meupe, samaki wembamba. Maji ya jirani Haradhan ni kijani kama mchicha uliopondwa. Nimejenga zizi la mianzi kwenye kona ya bwawa, nikalijaza samadi na gugu maji. Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, alisema mboji ikioza humo, maji hugeuka kijani, na ukijani ndio chakula. Alisema pia nizamishe mkono hadi kiwiko: nisipoona kiganja, nisitie tena.

Jumatano, 11 Juni

Kiganja hakionekani. Lakini hata cha Haradhan hakionekani, nilimchungulia. Basi tuko sare. Sare haitoshi. Nimeongeza vikapu vya samadi, na yale majani ya chai uliyoacha kwenye kopo. Harufu ilishaisha. Nisamehe.

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri samaki wote walikuja juu, midomo wazi. Niliguswa. Hivyo ndivyo walivyokujia wewe ukisuuza mchele. Nikajua wana njaa, nikawaongezea mboji.

Haradhan akapita na kijiti cha mwarobaini mdomoni. "We Nibaran, unawaua? Hao wanatafuta pumzi, si chakula." Nikamwambia wivu utamuua yeye kwanza. Akaingia majini na nguo zake, akayapiga kwa mwanzi ili yapate hewa. Mithu na mumewe wakafika wakati huohuo, siku moja kabla. Mkwe akajitosa na shati lake jeupe, hata hakuuliza kuna nini.

Wengi wamepona. Rui mkubwa amekufa.

Jumamosi, 14 Juni

Mithu amekataa kumpikia mumewe samaki aliyekufa kwenye samadi. Nilijaribu kumshawishi. Haradhan akaleta rui wake ndani ya jani la mgomba. "Kichwa cha mkwe wako hiki. Mkia nitakula mimi, na hunifukuzi."

Mkwe alinyonya hadi mifupa. "Baba, ni kama cha mama." Mithu akaenda jikoni, akarudi macho mekundu, akasingizia moshi wa mafuta ya haradali.

Nimetafakari kosa langu. Nilitia mboji kona moja tu. Kesho Haradhan akienda sokoni, najenga zizi la pili.

Huko uliko, Labanya, ukipata nafasi, nikumbuke.